Masika haya, hesabu siku za kupe sikioni

Mvua za masika zikishalowanisha nyasi, kupe wa masikio waliokomaa hupanda kwenye ncha za majani wakangoja mnyama apite. Kuanzia sasa hadi mvua zipungue, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha wanapaswa kuihofia ndigana kali kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ushauri wangu msimu huu unatokana na kinachotendeka ndani ya tezi za mate za kupe anaponyonya. Ukikielewa, hutaiacha tena ratiba yako ya josho ijiendee.

Kupe huyu wa kahawia si mbu wa kunyonya na kuruka. Jike lililokomaa hukaa sikioni wiki nzima hivi. Kwanza hutoa mate yanayoganda na kumshikiza kwenye ngozi, ndiyo maana ukimvuta unahisi ukinzani. Kisha vimeng'enya vya mate huanza kazi. Kimoja, apirasi, huvunja kemikali inayoziita chembe sahani za damu zije kuziba jeraha, na damu inaendelea kutiririka. Protini nyingine hutuliza mwasho na kudhoofisha kinga ya mwili mahali pale, ng'ombe akaendelea kula bila kujua anaibiwa.

Kabla ya mlo tezi hizo ni ndogo. Kupe akinyonya, tezi huvimba mara nyingi ya ukubwa wake wa awali, na kimeng'enya kinachosukuma chumvi ya sodiamu huongeza kasi. Chumvi ikisukumwa, maji huifuata. Kupe anataka chembe za damu na protini, maji hayahitaji, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya damu aliyofyonza humrudishia ng'ombe kupitia mate. Hufyonza, hutema, hufyonza tena.

Maji hayo ndiyo usafiri wa kimelea cha ndigana kali, Theileria parva. Kupe alikiokota katika hatua yake iliyopita ya maisha, alipomnyonya ng'ombe mwenye maambukizi, na tangu hapo kimetulia ndani ya tezi za mate. Mlo mpya ndio unaokiamsha. Kinagawanyika kwa fujo, na chembe moja ya tezi huweza kutoa vimelea makumi ya maelfu. Lakini kukomaa kunahitaji muda: kwa kawaida siku tatu hivi za kunyonya hupita kwanza, na wingi wao hufikia kilele siku ya nne au ya tano.

Siku hizo za mwanzo ni zako, mfugaji. Kupe aliyeng'ata jana akifa leo, karibu kila mara hajaacha ndigana mwilini. Hili lilitumika zamani kusini mwa Afrika, ugonjwa ulipofika huko mwanzoni mwa karne ya 20 na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu. Huko Natal, Herbert Watkins-Pitchford alihimiza kuogesha kila baada ya siku tatu. Kuogesha, kuzuia uhamishaji wa ng'ombe na kuchinja walioambukizwa, vyote kwa pamoja, viliung'oa ugonjwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1950.

Kwa hiyo, kwa ng'ombe wa kisasa na chotara wanaokwenda malishoni, kuogesha mara moja kila wiki mbili hakutoshi masika haya. Pale ndigana ilipo kali, ogesha mara mbili kwa wiki, isipokuwa dawa yako ni ya kudumu mwilini. Hapo fuata kibandiko. Pima dawa na maji sawasawa, maana dawa iliyozimuliwa kupita kiasi huzalisha kupe sugu. Anayefugia bandani asijidanganye: nyasi za kukata huja na kupe. Pitisha vidole ndani ya sikio hadi kwenye shina lake, angalau kila siku ya pili. Kupe uliyemng'oa mtumbukize kwenye kopo la dawa. Ukimtupa hai, huenda vimelea vimeshakomaa ndani yake, naye anatafuta ng'ombe mwingine.

Ukiona mtoki umevimba chini ya sikio au mbele ya bega, na joto limepanda, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Buparvakwoni huokoa wengi ikichomwa mapema. Ng'ombe akishaanza kupumua kwa shida na kutoa povu puani, matumaini ni madogo.

Chanjo ipo, nayo inatengenezwa kwa kufuata siku hizohizo za kupe kunyonya. Katika mbinu iliyobuniwa Muguga, Kenya, kupe wenye vimelea huwekwa wanyonye sungura kwa siku nne ndipo wasagwe, na ng'ombe huchomwa vimelea hao hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu. Chanjo hiyo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Mrija mmoja wa chanjo hutosha ng'ombe wengi, basi elewaneni na majirani, mpange siku moja na mtaalamu, mlete ndama na mitamba pamoja. Baada ya chanjo josho linaendelea, kwa sababu chanjo hii haizuii ndigana baridi wala mkojo mwekundu.