SOMO: KUBADILISHA MFUMO WA KOMPYUTA BILA YA KUSIMAMISHA HUDUMA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, pamoja na ilani zake za kawaida, leo unatoa somo juu ya jambo linaloigusa kila ofisi na kila nyumba yenye umeme, nalo ni namna ya kuijaribu programu mpya ya kompyuta na kuisambaza bila ya kuikatisha huduma. Mfano wetu hautoki Unguja wala Pemba. Tumeuchukua Bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa kuwa huko umbali wa kijiji na kijiji huyafichua makosa ya mipango upesi zaidi kuliko mjini, ambako fundi akiitwa hufika kwa baskeli.

Tuanze na mita ya umeme. Mita za LUKU za wateja wa TANESCO, ambazo kazi yake ni ile ile ya Tukuza kwetu, hupokea tokeni yenye tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo imefichwa hesabu ya dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na hesabu hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka dakika hizo ili tokeni iliyokwisha kutumika isitumike mara ya pili. Lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani miaka 32 kasoro mwezi na siku chache. Ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingeziona tokeni mpya kuwa ni za zamani na kuzikataa. Umeme usingekatika siku ile. Mwenye uniti angezitumia mpaka zimalizike, kisha angebaki na pesa mkononi na nyumba gizani.

Jambo hili halikuwa la Tanzania peke yake. Nchi nyingi zinatumia utaratibu huo wa mita, ambao asili yake ni Afrika ya Kusini, na zote zilikabiliwa na tarehe moja.

Sasa msomaji aufikirie ugumu wake. Mita ya Basotu au ya Maretadu haikuunganishwa na kompyuta ya makao makuu kwa waya wala kwa mawimbi. Hakuna mtu awezaye kuketi Dodoma akaibadilisha. Kumpeleka fundi nyumba kwa nyumba, kutoka Katesh hadi Haydom, kungechukua muda na fedha zisizokuwepo. Njia iliyotumika ni kwamba mteja alipokwenda kununua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuibadilisha mita, na la tatu la uniti alizozinunua. Kwa hivyo mteja mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi, na kazi ilifanywa kwa awamu katika mwaka 2024, si nchi nzima kwa siku moja.

Mwandishi anaona kuwa hapa pana hekima ambayo ofisi nyingi hazinayo. Mabadiliko yalifungamanishwa na jambo ambalo mwananchi alikuwa akilifanya siku zote, na wakati anabofya tarakimu zile taa iliendelea kuwaka. Pia, kwa kuwa kazi ilikwenda kwa awamu, hitilafu ikitokea katika eneo moja inaweza kutazamwa na kutatuliwa kabla ya kufika katika eneo jingine.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na miiba yake. Kati ya tarakimu 60 alizopewa mteja, 40 hazikumpa hata uniti moja. Mtu asiyeelezwa vyema huziruka akaingiza zile 20 za mwisho, maana ndizo alizozilipia, na mita ikazikataa. Bibi wa kijijini anayesema Kiiraqw au Kibarbaig, na ambaye siku zote hubofyewa tarakimu na mjukuu, humpaswa kumngoja mjukuu arudi kutoka skuli. Kubwa zaidi ni kwamba mita ikisha kubadilishwa, mwananchi hana njia ya kurudi nyuma: tokeni ya zamani iliyowekwa akiba ndani ya kabati bila ya kuingizwa haikubaliki tena. Ilikuwa lazima iingizwe kwanza. Tangazo lisilolitaja jambo hilo moja huwa limemtia mtu hasara, hata likiwa limeandikwa kwa lugha nzuri namna gani.

Pale ambapo njia ya kurudi haipo, majaribio ya mwanzo huwa ni faradhi: kila aina ya mita ijaribiwe mezani, kisha katika nyumba chache zilizo karibu na ofisi, ndipo wilaya nzima.

Tuje katika ofisi zenyewe. Hadi mwaka 2017, halmashauri za Bara zilitumia programu ya mipango na bajeti, PlanRep, iliyowekwa katika kompyuta za kila halmashauri. Toleo jipya lilipotoka, ilibidi liwekwe kompyuta kwa kompyuta, na ofisi mbili zikiwa na matoleo mawili hesabu zao zilikuwa taabu kuunganishwa. Mwaka huo ilizinduliwa PlanRep ya mtandao, yenye mahali pamoja pa kuhifadhi taarifa. Marekebisho hufanywa mara moja yakafika Mbulu na Hanang kwa wakati mmoja. Ni neema, lakini kosa nalo hufika kote kwa wakati mmoja.

Dunia ililiona hilo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza faili moja yenye kasoro kwa wateja wake bila ya kuanza na wachache. Iliirudisha nyuma baada ya dakika 78, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuzimika, na aghalabu ilibidi kila moja ifikiwe kwa mkono. Ndege zilibaki chini, na baadhi ya hospitali ziliahirisha matibabu.

Kwa hivyo mkuu wa ofisi akiletewa toleo jipya aulize, kabla ya kutia saini: limejaribiwa juu ya nakala ya taarifa zetu wenyewe, au juu ya mifano ya mtengenezaji? Nakala ya akiba ipo, na je, imewahi kurejeshwa ikaonekana kuwa nzima? Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana tu. Likishindikana, tutarudi katika toleo la zamani kwa muda gani, na nani mwenye amri ya kusema turudi? Swali hili la mwisho husahauliwa mno. Mafundi huendelea kuhangaika hadi alfajiri kwa kuwa hakuna aliyepewa dhamana ya kusema basi.

Ikiwezekana, seva mpya iwashwe kando ya ile ya zamani, na watumiaji wahamishwe kidogo kidogo, kama wajenzi wa barabara wanavyofunga upande mmoja na magari yakaendelea kupita upande wa pili.

Saa ya kazi nayo ichaguliwe na mwenye kuujua mji, si fundi peke yake. Siku ya mnada mashine za POS za kukusanyia ushuru zisiguswe, kwani mfugaji aliyeswaga ng'ombe usiku kucha hatangoja. Wiki mbili za mwanzo za mwezi taarifa za zahanati huwa zinaingizwa katika mfumo wa DHIS2. Na karibu ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, hata panya asisogezwe mezani.

Mpango wenyewe uwe tayari kuahirishwa. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliifika Katesh na kuwaua watu wengi. Jumapili nyingine, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika na Tanzania nzima ikapungukiwa na mtandao. Jumapili ndiyo siku ambayo mafundi huipenda kwa kazi hizi.

Karatasi nazo zisidharauliwe. Zahanati yenye vitabu vya MTUHA vilivyojazwa vyema haisimami mfumo unaposimama. Muuguzi huandika, na taarifa huingizwa baadaye.

Ilani ya kubandikwa mlangoni itaje huduma gani itasimama, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, mwenye haraka aende kwa nani, na nini akifanye kabla. Maneno "mfumo uko chini" si ilani.

Mita zilizohamishiwa hesabu inayoanza mwaka 2014 zitajaa tena mwezi wa Novemba 2045. Vijana wanaoajiriwa leo Mbulu na Katesh watakuwa bado kazini, na jalada la mwaka 2024 watalihitaji.