Ukianguka ukiezeka darasa, nani anakulipa?

Tuseme uko Nyarero, Tarime, umeitwa kupaua darasa la shule ya msingi. Ngazi ni ya mirunda, imepigwa misumari jana, na kamati ya ujenzi inataka bati zikae kabla ya mvua. Bei mmekubaliana kwa mdomo. Ukiteleza kwenye kenchi ukavunjika nyonga, swali gumu litakuwa hili: ulikuwa mwajiriwa wa nani?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilianzisha mfuko, WCF, kwa ajili ya waajiriwa wa Tanzania Bara wanaoumia kazini, wa serikali na wa binafsi. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wako haupaswi kukatwa hata senti. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi 24. Lakini fundi aliyechukua kazi nzima kwa bei yake, akaja na vifaa na watu wake, kwa kawaida si mwajiriwa wa shule. Yeye ndiye mwajiri, na saidia fundi wake akianguka mzigo unamwangukia yeye. Wengi huligundua hili hospitalini.

Kibarua asikate tamaa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anapangiwa saa, anaelekezwa namna ya kufanya kazi, au anapewa vifaa na anayemtumikisha. Anayebisha ndiye athibitishe vinginevyo. Hata hivyo karatasi ni bora kuliko kubishana: kabla ya kupanda, iandikwe nani anakuajiri, kazi gani, malipo kiasi gani, na mtendaji wa kijiji ashuhudie.

Ngazi nayo ina sheria yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama na atoe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Msimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ambao ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Ngazi inayofika mita 4 ukutani, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani, na ncha ipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1. Iliyolegea misumari, ikatae.

Ukiumia, mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema, tunza vyeti vya hospitali, piga picha ya ngazi. Ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, haki ya fidia hupotea.

Na wanafunzi wanaopandishwa paani je? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumpa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kazi ya hatari. Kumpandisha juu ya paa asafishe gata si adhabu wala si elimu ya kujitegemea. Mzazi ana haki ya kukataa, na mwalimu mkuu asiposikia, mzazi apeleke malalamiko kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.