SOMO LA ROBO HII: NANI ATAWAJIBIKA GARI LISIPOFIKA?



Mama akitokwa na damu nyingi usiku katika zahanati ya kijijini, Momba au Ileje, muuguzi hupiga namba 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mpokea simu huuliza maswali na kuingiza majibu kwenye kompyuta, na programu humwonyesha kituo kinachofaa na usafiri wa kumfikisha mgonjwa. Gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya safari.

Je, hiyo ni akili mnemba? Sivyo hasa. Programu ya namna hiyo hufuata kanuni ilizopewa, lakini akili mnemba hujifunza kutokana na kumbukumbu nyingi. Daftari za zahanati zikiwa na mapengo, itajifunza mapengo hayo hayo.

Tuangalie Tunduma. Malori yaendayo Zambia na Kongo yakipanga foleni, kilomita tatu za kwenye ramani zaweza kuwa safari ya saa nzima. Kijana wa bodaboda analijua hilo. Mashine isiyoambiwa italichagua gari lililo karibu, nalo limekwama.

Huko Copenhagen, Denmark, mashine iliwekwa kusikiliza simu za dharura ili itambue mtu ambaye moyo wake umesimama. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa mashine ilitambua wagonjwa wengi kuliko wapokea simu. Hata hivyo, wapokea simu walipopewa tahadhari zake, utambuzi wao haukupanda kwa kiasi cha kuthibitisha kuwa umesaidia. Kwa maoni yetu hapo ndipo kiongozi anapohitajika, aamue mapema nani anaruhusiwa kuikatalia mashine, na nani atawajibika ikikosea.

Wafadhili watusamehe: kompyuta hupendeza kwenye picha kuliko mafuta ya gari. Lakini dereva aliyecheleweshewa malipo mara mbili hapokei simu ya tatu, na hakuna programu itakayomwamsha.

Kazi ya kamati kabla ya kikao kijacho: mwombeni mganga mfawidhi wa zahanati yenu mpitie pamoja orodha ya madereva wa eneo lenu. Pigeni kila namba. Andikeni wangapi wamepokea, wangapi wamehama au kuuza gari, na nani mwenye jukumu la kurekebisha orodha hiyo. Jina lake likikosekana, acheni nafasi hiyo wazi mtuletee hivyo hivyo.