Nani Mtunzi wa Poppea? Asili na Ufufuzi wa Opera ya Monteverdi

Makala haya yanachunguza opera L'incoronazione di Poppea, yaani 'Kutawazwa kwa Poppea', iliyoigizwa kwanza mjini Venice katika msimu wa kanivali wa 1643. Tunashikilia kwamba kazi hii haingeweza kufufuliwa bila kuandikwa upya, na kwamba swali la mtunzi wake halitenganishiki na swali la nakala zilizotufikia.

Opera, kwa ufupi, ni tamthilia ambayo mazungumzo yake huimbwa. Awali ilikuwa burudani ya makasri. Mnamo 1637 jumba la San Cassiano lilifunguliwa Venice kwa yeyote aliyeweza kulipa kiingilio, na hadhira hiyo mpya ilihitaji visa vipya. Giovanni Francesco Busenello, wakili na mshairi, hakuchota katika visasili kama ilivyokuwa ada, bali katika historia ya Roma iliyoandikwa na Tacitus. Kaizari Nero anamtaliki mkewe Ottavia, anamwamuru mwalimu wake Seneca ajiue, kisha anamtawaza hawara wake Poppea. Msomaji aliyezoea kumwona mwovu akiadhibiwa mwishoni mwa hadithi atashtuka: hapa waovu wanaimbiana mapenzi kwa utamu wa ajabu, na mchezo unaishia papo hapo.

Claudio Monteverdi, aliyebatizwa mwaka wa 1567, alifariki Novemba 1643. Opera ilichezwa tena Naples mwaka wa 1651, kisha ikasahaulika. Nakala ya Venice ilitambuliwa mwaka wa 1888. Ile ya Naples ikajulikana mwaka wa 1930. Hakuna hata moja iliyo kwa hati ya Monteverdi mwenyewe, tena zinahitilafiana. Aghalabu huonyesha sauti ya mwimbaji na besi tu. Vipande vifupi vya ala vina sauti tatu katika nakala ya Venice na nne katika ile ya Naples, wala hatuelezwi ni ala zipi.

Utata mkubwa zaidi umo katika wimbo wa mwisho wa wapenzi hao wawili, ambao ndio kipande mashuhuri kuliko vyote. Maneno yake hayamo katika matini ambayo Busenello aliichapisha mwaka wa 1656. Yalikwisha kutokea Bologna mwaka wa 1641, katika opera ya Benedetto Ferrari. Kuhusu muziki, baadhi ya wahakiki humtaja Ferrari, wengine Francesco Sacrati.

Vincent d'Indy aliwasilisha sehemu za opera hii Paris mwaka wa 1905. Hata hivyo, aliyeirejesha kwa umma mpana ni Raymond Leppard, huko Glyndebourne, Uingereza, mwaka wa 1962. Alipunguza matini, akaongeza nyuzi kwa wingi, na sehemu ya Nero, iliyotungiwa sauti ya juu ya mwanamume aliyehasiwa, akampa mwimbaji wa tenori. Wahakiki walimshutumu, na kwa haki. Lakini bila yeye huenda wengi wao wasingalikuwa na la kuhakiki. Nikolaus Harnoncourt, mjini Zürich mwaka wa 1977, alitumia ala za kale. Mwaka wa 1989 Alan Curtis alichapisha toleo lililopima nakala zote mbili kwa makini.

Curtis alitilia shaka kwamba Monteverdi ndiye aliyetunga wimbo ule wa mwisho. Hata hivyo, ni nadra sana kupata onyesho lililothubutu kuuacha.