SOMO: NANI ANALIPIA SAUTI YA REDIO?



Jioni, kazi za shamba zikiisha, wengi wetu hufungua redio. Tunasikia taarifa ya habari. Tunasikia bei ya pamba, mvua na ngoma. Redio tumeinunua wenyewe, na betri pia tunanunua wenyewe. Lakini sauti ile inayotoka mbali hatutozwi hata senti. Hakuna mtu anayekuja mlangoni kudai fedha ya habari. Ndiyo maana wengine husema, "Redio ya taifa ni ya bure."

Je, ni kweli? Katika somo la leo tutajifunza nani anailipia redio na televisheni ya taifa, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wakulima, wafugaji na wachimbaji wa Shinyanga na Geita.

1. FILIMBI YA SUNGUSUNGU

Tuanze na jambo tunalolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Kahama na Shinyanga walianzisha sungusungu ili kulinda vijiji vyao. Sasa tuseme kijiji kimoja kimechanga fedha na kununua filimbi. Usiku wezi wanaingia. Filimbi inalia. Nani anaisikia?

Aliyechanga anaisikia. Asiyechanga naye anaisikia. Hata mgeni aliyelala kwa shemeji yake anaisikia. Huwezi kuziba masikio ya mmoja na kuyaacha ya mwingine wazi. Hapo mjanja atasema, "Acha wengine wachange, mimi nitasikia tu." Lakini wote wakisema hivyo, filimbi haitanunuliwa, na wezi watachukua ng'ombe wa wote, pamoja na wa yule mjanja.

Redio ni kama filimbi hiyo. Sauti ikisharushwa hewani, inamfikia kila mwenye chombo cha kuipokea. Ni vigumu kumwuzia msikilizaji mmoja mmoja. Kwa hiyo nchi nyingi zimeamua kwamba redio ya wote ilipiwe na wote, kwa mchango mmoja. Mchango huo ni kodi.

2. REDIO YETU ILIANZAJE?

Redio ya Tanganyika ilianza tarehe 1 Julai 1951, wakati wa ukoloni. Iliitwa Sauti ya Dar es Salaam. Ilikuwa kituo kidogo, na sauti yake haikwenda mbali. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya wizara. Hapo ndipo ilipozaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la RTD.

Televisheni ilichelewa Bara. Zanzibar waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ingewafaa watu wachache wa mjini, wakati redio ingefika hata kijijini. Bara ilipata televisheni ya watu binafsi mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilizinduliwa mwaka 2000. Tangu mwaka 2008 redio na televisheni ya taifa tunazijua kwa jina moja, TBC, yaani Shirika la Utangazaji Tanzania.

3. FEDHA INATOKA WAPI?

TBC inapata fedha kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni ruzuku ya serikali. Ya pili ni matangazo ya biashara. Ruzuku ni fedha ambayo serikali hutoa ili kusaidia kazi fulani. Serikali haina shamba la kuotesha fedha. Inatoa ilichokusanya kwetu.

Hebu tufanye hesabu. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuseme redio inauzwa shilingi 20,000 kabla ya kodi. Asilimia 18 ya 20,000 ni 3,600. Mnunuzi atalipa shilingi 23,600. Basi katika redio ile moja amekwisha kuchangia serikali shilingi 3,600.

Mwingine atasema, "Duka la kijijini kwetu halitozi kodi hiyo." Lakini mwenye duka mara nyingi ameilipa huko aliponunua kwa jumla, naye ameiweka ndani ya bei. Mchimbaji mdogo naye, akiuza dhahabu katika soko la madini la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, hukatwa mrabaha. Fedha zote hizi huingia katika mfuko wa serikali.

Kisha kila mwaka Bunge hukaa Dodoma na kupitisha bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Wizara inayohusika na habari huomba fedha zake, na fedha za TBC zimo humo. Kwa hiyo redio ya taifa si ya bure. Tumekwisha kuilipia, ila hatukupewa risiti.

4. KWA NINI TUSIWAACHIE WAFANYABIASHARA?

Siku moja tulilizungumza jambo hili chini ya mwembe. Kijana mmoja anayechimba dhahabu alisema, "Siku hizi redio ni nyingi. Wenye redio binafsi wanajilipia kwa matangazo. Serikali inapoteza fedha ya nini?"

Swali lake ni zuri. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, redio binafsi zimefunguliwa nyingi, na zinatufaa. Nyingine hurusha matangazo kutoka hapa hapa Kanda ya Ziwa. Lakini redio ya biashara hula kwa matangazo. Mwenye sabuni analipa ili sabuni yake inunuliwe. Mwenye bia analipa ili bia yake inyweke. Kuna maneno ambayo watu wanayahitaji sana, lakini hakuna mtu wa kuyalipia.

Mama mmoja alimjibu yule kijana: "Mwanangu, wewe unachoma zebaki. Nani atalipa tangazo la kukwambia usiichome jikoni kwa mkeo?"

Kijana alinyamaza. Sisi wote tunajua habari hiyo. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Zebaki ile haipotei. Inageuka mvuke usioonekana vizuri, na anayeuvuta huingiwa na sumu. Sumu hiyo huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Njia ya usalama ni kutumia chombo kilichofunikwa ambacho hunasa mvuke, na kuchomea mahali pa wazi, mbali na nyumba na watoto. Somo kama hili halimwuzii mtu kitu, ila linaokoa watu.

Wazee wetu waliona faida ya masomo hayo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili. Watu kama milioni 2 walishiriki nchi nzima. Walijifunza habari za malaria, kuhara, minyoo na kichocho. Kisha waliinuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Gharama ilibebwa na serikali pamoja na msaada wa Sweden. Hakuna mwenye duka aliyepata faida. Waliofaidika ni wananchi.

5. HATARI YA KULISHWA NA MMOJA

Lakini jamani, tusiseme upande mmoja tu. Manju anayelishwa na nyumba moja ataisifu nyumba hiyo, hata paa likivuja. Redio inayolipwa na mwenye biashara huogopa kumwudhi mwenye biashara. Redio inayolipwa na serikali nayo inaweza kuogopa kuiudhi serikali. Ikawa kila siku tunasikia mradi umezinduliwa, lakini hatusikii kwamba kisima kimekauka.

Tuchukue mfano wa kweli. Tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu aliyoitoa ni gharama. Alisema kazi hiyo iligharimu shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake kingekuwepo kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Wabunge wa upinzani walipinga sana. Walisema mwananchi ana haki ya kumsikia mbunge wake wakati ule ule anaposema.

Tupige hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu milioni 45. Tukigawa bilioni 4.2 kwa watu hao, kila mmoja anapata kama shilingi 93 kwa mwaka. Haifiki shilingi mia. Anayetazama upande huu atasema, "Kwa fedha kidogo namna hiyo, kwa nini tunyimwe kumsikia mbunge wetu akiuliza habari za maji na fidia za mashamba?" Anayetazama upande wa pili atasema, "Bilioni 4.2 zingejenga madarasa na kununua dawa." Wote wawili wana hoja. Lakini ili kuamua vema lazima kwanza tujue hesabu, na lazima tuulizwe.

6. WENZETU WANAFANYAJE?

Uingereza, kila nyumba inayotazama televisheni hulipa leseni, zaidi ya pauni 170 kwa mwaka. Fedha hiyo huendesha BBC. Uzuri wake ni kwamba fedha haitoki moja kwa moja katika mfuko wa serikali. Ubaya wake ni kwamba maskini na tajiri wanalipa sawa.

Marekani walifanya njia nyingine. Tangu mwaka 1967 palikuwa na shirika lililopokea fedha ya serikali na kuzigawia redio na televisheni za umma. Mwezi Julai 2025 Bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimepangwa kwa kazi hiyo. Mwezi uliofuata shirika likatangaza kwamba linafunga kazi. Waliosema fedha ifutwe walidai kwamba vituo vile vinapendelea upande mmoja wa siasa. Lakini nani aliumia zaidi? Vituo vya mijini vina wasikilizaji matajiri wanaochangia. Vituo vidogo vya vijijini ndivyo vilivyokuwa vinategemea zaidi fedha ile. Hata katika nchi tajiri, fedha ya umma ikikatwa, mtu wa kijijini huwa wa kwanza kukosa sauti.

Karibu nasi, Sengerema, ipo njia ya tatu, redio ya jamii. Ilitokana na kituo cha mawasiliano kilichoanzishwa mwaka 2001 kwa msaada wa mashirika mbalimbali. Redio kama hiyo huzungumza mambo ya pale pale. Lakini msaada una mwisho. Mfadhili akiondoka, wenyeji wasipochanga, mitambo hunyamaza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

7. SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusikilize pamoja. Kikundi cha watu 10 chenye redio moja na daftari moja kinajifunza zaidi kuliko watu 10 wenye redio 10.

Pili, tuandike. Sisi tumejifunza kusoma na kuandika. Kalamu isilale. Kama kipindi cha kilimo kinarushwa saa ambazo tuko shambani, tuwaandikie watangazaji. Kama sauti haifiki katika kijiji chetu, tuandike jina la kijiji, kata na wilaya, na saa ambayo sauti hupotea.

Tatu, tuulize. Mbunge akija, tusimwulize barabara na maji tu. Tumwulize pia: "Mwaka huu mmepitisha fedha kiasi gani kwa ajili ya redio ya taifa? Kiasi gani kimetolewa kweli? Mbona habari zetu hazisikiki?" Kuuliza hivi si ukorofi. Ni mwenye mali anauliza mali yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Redio ya taifa ni mali yetu. Tuiandike katika daftari letu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini redio inafanana na filimbi ya sungusungu?
2. Baiskeli inauzwa shilingi 200,000 kabla ya kodi. Kodi ni asilimia 18. Mnunuzi atalipa jumla ya shilingi ngapi?
3. Taja somo moja ambalo kijiji chenu kinalihitaji, lakini hakuna mfanyabiashara atakayelilipia.
4. Je, mngekuwa wabunge mwaka 2016, mngeamua nini? Toeni sababu.
5. Andikeni barua fupi kwa redio. Elezeni jambo moja mnalotaka kusikia.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bajeti: makadirio ya fedha zitakazopatikana na zitakazotumika.
Manju: kiongozi wa ngoma, mtunzi wa nyimbo.
Mrabaha: sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini.
Ruzuku: fedha ya serikali ya kusaidia kazi fulani.
Zebaki: madini ya majimaji yanayong'aa, yenye sumu.