Bastola Kiunoni na Majani ya Uani

Wasomaji wetu wengi wana watoto au jamaa waliokwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi. Kijana wa namna hiyo, akiamka asubuhi ya Jumamosi katika jimbo la Texas, aweza kumwona mwenyeji wake uani akisukuma mashine ya kukata majani, jasho lamtiririka, na kiunoni pake pana bastola. Hakuna vita, wala hapana mnyama mkali aliyesikiwa. Mtu huyu anafanya kazi ambayo kwetu hufanywa kwa fyekeo tu. Kijana atashangaa, kisha pengine ataogopa, na baada ya siku chache, asipoelimishwa, atazoea; na kuzoea huko ndiko tunakokuhofia zaidi. Kwa hiyo twapenda leo kueleza desturi hii ilivyo, na sheria zake, na hatari zake, ili wazee na walimu wapate kuwaambia vijana kabla hawajasafiri.

Asili yake si ngeni. Katiba ya Marekani iliongezewa mwaka 1791 kifungu kisemacho kwamba haki ya watu kuwa na silaha isivunjwe, na mwaka 1836 Samuel Colt alipata hati ya serikali ya bastola yake yenye silinda izungukayo, ikawa mtu aweza kuchukua kiunoni silaha ipigayo mara kadhaa. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama kifungu kile ni cha askari wa mgambo au cha kila mtu. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani mwake ajilinde nayo, na mwaka 2022 ikaamua kwamba haki hiyo yatoka nje ya mlango pamoja naye. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yameacha kudai leseni kwa mtu mzima asiye na kosa anayetaka kuchukua bastola hadharani au iliyofichwa. Tofauti na Tanzania na Kenya, ambako silaha haimilikiwi bila leseni, ni kubwa mno, na kijana yampasa aijue tangu siku ya kwanza.

Sababu wanazozitoa watu wale si za kipuuzi. Nyumba nyingi za mashamba ziko mbali na kituo cha polisi, na mwenye bastola iliyofungiwa kabatini, naye yuko mwisho wa uwanja, hatua mia kutoka mlangoni, ni sawa na asiye nayo. Basi husema, afadhali iwe mwilini. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Mashine ya kukata majani yanguruma hata wengi huziba masikio yao kwa vifuniko. Macho yao yako chini, wasije wakakata bomba au jiwe likaruka. Mtu wa namna hii hasikii wala haoni. Akijiwa kwa nyuma, bastola ile ni ya yule aliyemjia. Ndiyo maana sisi twaona kwamba ulinzi wa kwanza wa mtu aliye uani ni kuizima mashine mara kwa mara, kuinua kichwa, na kutazama nani anapita njiani. Nao hauhitaji risasi hata moja.

Sasa tuseme habari ya ala, maana hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Mtu afanyaye kazi huinama, huchuchumaa, hupiga magoti, hulala chini ya mashine akitoa majani yaliyonasa. Bastola iliyochomekwa tu katika suruali hushuka, huanguka, au hugeuka. Iliyotiwa mfukoni pamoja na funguo au misumari ni mbaya zaidi, kwa kuwa chochote chaweza kuingia penye kifyatulio, yaani pale kidole kivutapo, na kukisukuma. Ala iliyo njema huwa ngumu, hukifunika kifyatulio chote, huishika silaha hata mtu akiinama kabisa, na hufungwa katika mshipi ulio imara. Ala za ngozi hunyonya jasho, na chumvi ya jasho hula chuma. Kwa hiyo wengi siku hizi hutumia za plastiki ngumu, nao huifuta bastola na kuitia mafuta kidogo baada ya kazi. Vumbi na vipande vya majani navyo huingia katika mitambo yake. Bastola iliyochukuliwa uani mwaka mzima bila kusafishwa yaweza kukataa kufanya kazi siku ile ile iliyongojewa.

Hata hivyo kutu si hatari kubwa. Hatari kubwa ni mtu kuchoka. Jua limekuwa kali, chuma kinamsugua ubavuni, naye asema, niiweke hapa kitambo kidogo. Huiweka juu ya benchi, au juu ya gurudumu la mkokoteni, au penye ukingo wa baraza, kisha huenda kumalizia upande wa pili wa nyumba. Mtoto hutoka nje kutafuta maji. Haya hayahitaji adui yeyote. Mwaka 2020 silaha za moto ziliipita ajali ya gari, zikawa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Mwaka uliofuata, hesabu za serikali yao zilionyesha watu 48,830 waliokufa kwa silaha za moto. Kati yao 20,958 waliuawa na wengine, 549 walikufa kwa ajali, na 26,328 walijiua wenyewe. Twawaomba wasomaji waitazame tarakimu hiyo ya mwisho. Bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi wa uani huingia nyumbani jioni pamoja na mwenyewe, nayo hukaa mle siku za huzuni pia.

Mwalimu mmoja mashuhuri wa bastola, Jeff Cooper, aliyefariki mwaka 2006, aliacha kanuni nne ambazo hata leo hufundishwa. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kwa kitu usichokubali kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga. Tena ujue unachokilenga, na kilicho nyuma yake. Hii ya nne ndiyo ya uani hasa, kwani risasi ya bastola ya milimita 9 yaweza kwenda zaidi ya maili moja, na nyumba nyingi za Marekani zimejengwa kwa mbao na ubao mwembamba wa jasi, nao hauizuii. Anayekosa shabaha uani kwake hupiga chumba cha jirani. Wengine hupata ajali jioni, wakati wa kuiondoa risasi: hutoa kisanduku cha risasi kiitwacho magazini, wakadhani kazi imekwisha, kumbe moja imebaki ndani ya bomba.

Sheria ya uani nayo ina mitego. Toka zamani, kwa sheria ya Kiingereza ambayo Marekani waliirithi, nyumba ya mtu huhesabiwa kuwa ngome yake, na aliyemo ndani halazimiki kukimbia anaposhambuliwa. Katika majimbo mengi ngome hiyo yaenea hata ukumbini na katika ua ulio karibu na nyumba. Katika mengine hukoma ukutani, na aliye nje yampasa kwanza aondoke kama aweza kuondoka kwa salama. Lakini kwa jumla yanakubaliana katika jambo hili: mtu hauawi kwa sababu tu amekanyaga majani ya mwingine. Pasipo hatari ya kweli ya kuuawa au kuumizwa vibaya, anayepiga risasi ndiye mshtakiwa. (Texas ina kifungu chake cha pekee juu ya mwizi wa usiku, chenye masharti mengi, asitokee mtu akakitegemea kwa kusikia.) Hata kuishika bastola na kumtishia mpita njia kwaweza kuwa kosa.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, usiku, katika jimbo la New York, gari la vijana waliokuwa wakitafuta nyumba ya rafiki liliingia kwa makosa katika njia ya uwanja wa mtu mwingine. Walikuwa wakigeuza waondoke. Mwenye nyumba alitoka barazani akapiga bunduki, na mwanamke kijana aliyekuwa ndani ya gari akafa. Mwaka 2024 mtu yule alihukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Nyumba ilikuwa yake, na uwanja ulikuwa wake, wala baraza la wazee wa mahakama halikuyaona hayo kuwa udhuru.

Wako pia wanaosema bastola ni ya nyoka, hasa yule mwenye njuga mkiani, naye yupo kweli Texas. Huuzwa hata risasi maalum zenye chembe ndogo ndogo kwa kazi hiyo. Sisi hatukushawishika. Risasi ya kawaida ikigonga jiwe hurudi kusikojulikana, na miji mingi hukataza kupiga silaha ndani ya mipaka yake. Nyoka akionekana, mtu arudi nyuma hatua kadhaa, na njia imeachwa wazi.

Limebaki jambo linalowahusu vijana wetu wenyewe. Sheria ya Marekani yote, si ya jimbo moja, humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, asiwe na silaha ya moto wala risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache zilizotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye hati ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Adhabu yake, tangu mwaka 2022, yaweza kufika kifungo cha miaka 15, na baada ya kifungo hurudishwa kwao. Kosa si kupiga. Ni kuwa nayo tu. Basi mwenyeji akichoka na jua, akamnyoshea kijana bastola yake na kusema, nishikie hii niingie chini ya mashine, kijana asiipokee. Aseme kwa adabu kwamba sheria haimruhusu, kisha aende akasimame upande wa nyuma ya mtu yule mpaka bastola irudi alani.