Lugha ya mama si ushahidi wa uraia: Somo kutoka Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuna neno ambalo likitamkwa humaliza mjadala: "Huyu si mwenzetu." Mgombea udiwani akianza kupata wafuasi, minong'ono huanza kuwa ni Mrundi. Wawili wakigombania mpaka wa shamba, mmoja huambiwa arudi kwao Rwanda. Ushahidi unaotolewa ni nini? Lafudhi yake, jina la babu yake, au sura yake!

Hebu tujiulize, ushahidi huo una uzito gani? Jibu limo katika historia, ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Kabla ya ukoloni, Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana iliyokuwa koloni ya Wajerumani, na Bugufi ikabaki Tanganyika. Ndiyo maana Mhangaza na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Mhangaza hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomkuta nyumbani kwake.

Mfano wa wazi zaidi ni Gisaka, ng'ambo ya Mto Kagera. Katika makubaliano ya mwaka 1919 kati ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, eneo hilo lilimegwa kutoka Rwanda na kupewa Waingereza, waliotaka njia ya reli. Mwaka 1923 ikakubaliwa lirudishwe Rwanda. Mkulima wa huko alibadilishiwa watawala mara mbili bila kuhamisha mafiga yake. Je, mstari uliochorwa na kufutwa kirahisi namna hiyo ndio utupimie utu wa mtu?

Ni kweli, nasi hatukatai, kwamba wageni wamekuja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Misitu ilikatwa na ujambazi ukaongezeka. Wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996. Serikali ina haki na wajibu wa kujua nani ameingia nchini. Hoja yetu ni kwamba hofu ya mgeni isigeuzwe fimbo ya kumchapia mwenyeji.

Fimbo hiyo imekwisha kutumika. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kuwa watu wanne si raia, miongoni mwao mwandishi mashuhuri Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, na Anatory Amani, kiongozi wa chama tawala mkoani Kagera. Amani huyo huyo baadaye alikuwa meya wa Bukoba. Sasa, ikiwa mtu mwenye jina kubwa anaweza kuamka siku moja akaambiwa si raia, mkulima wa kijijini asiye na wakili atajitetea vipi? Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Kigoma na Geita, maelfu waliondoka au kuondolewa, na yalitoka malalamiko kuwa waliokumbwa ni pamoja na watu walioishi hapa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto Watanzania.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Haina orodha ya makabila ya Kitanzania. Anayeomba tajinisi anatakiwa kujua Kiswahili au Kiingereza, lakini hakuna kifungu kinachosema kuwa anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani kwake amepungukiwa na uraia. Mnong'ono wa kilabuni haumo katika sheria hiyo.

Kwa Muislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora ni mwenye taqwa. Anayetumia kabila kumdhulumu jirani shamba lake amekwenda kinyume na fundisho hilo, hata kama amefunga na kuswali.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi wawaandikishe watoto na kuwatafutia vyeti vya kuzaliwa mapema, wasingoje siku ya kuulizwa. Pili, wazee wanaoijua historia ya vijiji wasikilizwe, na kauli zao ziandikwe kungali mapema. Tatu, walimu wawafundishe wanafunzi jinsi mipaka hii ilivyochorwa. Nne, mpiga kura akiambiwa mgombea fulani si mwenzetu, aulize: ushahidi uko wapi, na nani anafaidika?

Kijana wa Ngara asione haya kuzungumza lugha ya mama yake mbele ya ofisa. Lugha hiyo ilikuwapo hapa kabla ya mpaka.